Jiwe la Amancio

Kila mzaliwa wa pwani ile ya kaskazini anadaiwa safari moja ya miguu mpaka kanisa la Mtakatifu Andrea, kule Teixido. Anayefariki kabla ya kuitimiza huitimiza baadaye, akisindikizwa na jamaa zake. Asiye na jamaa hupewa umbo la mjusi, chura au nyoka, akajipeleka mwenyewe. Kwa sababu hiyo hakuna mtu anayekanyaga kiumbe chochote katika njia ile.

Amancio alifariki mwezi wa Februari bila kwenda. Siku ya saba ya Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wake wawili, Obdulia na Elixio, walisimama kaburini wakiwa na mikate, divai na viatu imara. Obdulia, aliyekuwa mkubwa, aligonga jiwe la kaburi mara tatu kwa fimbo.

"Baba, inuka. Leo tunakwenda kwa Mtakatifu Andrea. Usitucheleweshe."

Wakangoja kiasi cha kumpa mzee nafasi ya kuvaa, kisha wakatoka langoni, wakiacha katikati yao upenyo wa mtu mmoja.

Adabu ya safari hiyo ni kumwarifu marehemu kila kona, kwa kuwa wafu hawazitambui njia panda. Obdulia aliitimiza bila kuruka hata moja. "Baba, kushoto. Baba, hapa pana matope."

"Mwambie pia asinikanyage visigino," alisema Elixio.

"Mwambie mwenyewe. Ni baba yako pia."

"Alipokuwa hai hakunisikia, ndiyo atanisikia leo?"

Mpaka saa nne mzee alitembea vizuri. Mlima ulipoanza, alibaki nyuma akitweta. Nyayo za wafu kwa kawaida huwa hafifu kama za kuku, lakini zake zilizama katika udongo kiasi cha shubiri nzima. Elixio alizitazama, akasema kwamba baba amenenepa huko aliko. Obdulia hakucheka.

Adhuhuri walifika katika nyumba ya Dosinda, mjane anayewalisha mahujaji. Dosinda aliwaandalia sahani tatu bila kuuliza. Kiti cha tatu kilivutwa, na kando yake kitu kikatua chini kwa kishindo. Ubao mmoja wa sakafu ukapasuka.

"Mzee wenu amebeba nini?"

"Hakubeba kitu, mama," alisema Elixio. "Tulimzika na rozari tu."

"Rozari haivunji sakafu yangu."

Mjusi wa kijani akaingia mlangoni, akavuka chumba, akapanda juu ya kitu kisichoonekana, akalala pale hewani, usawa wa goti. Mguu wake mmoja wa mbele ulipungukiwa na kidole. Dosinda aliendelea kukata mkate.

"Huyo namjua. Ni Farruco wa kijijini kwenu. Huu ni mwaka wa tisa anapita hapa. Akifika kanisani hageuzi hata kichwa kuingia, anarudi. Nilidhani amepotea."

Farruco alikuwa jirani yao, mtu asiyeoa, ambaye msumeno ulimkata kidole. Juma lile alilokaa hospitalini, jiwe la mpaka kati ya shamba lake na la Amancio lilisogea hatua sita. Alilalamika mpaka alipokufa. Padri alimshauri asamehe, na majirani wakamwambia kwamba kumbukumbu zake zimechoka. Baadaye Elixio alirithi shamba la baba yake, akajenga nyumba, na jiko lake likakaa ndani ya zile hatua sita. Mwashi aliyelijenga alijua. Parokia nzima ilijua.

"Ni lile jiwe la mpaka," alisema Obdulia. Elixio alikuwa akitafuna, akaendelea kutafuna.

Karibu na kilele pana rundo kubwa la mawe. Kila hujaji huongeza lake, na mawe hayo yatatoa ushahidi siku ya mwisho kuhusu nani alifika. Elixio alitupa lake, akasimama.

"Baba aliache hapa. Jiwe moja kati ya maelfu, nani atalitambua?"

"Mawe haya yatasema, Elixio. Na hilo litasema nini?"

Elixio alifikiri kwa makini. "Basi tuendelee," akasema.

Walifika kanisani jua likiwa bado juu ya bahari. Foleni ilikuwa ndefu, maana kila familia ilileta wafu wake. Zamu yao ilipofika, pumzi ya mzee ilikwama kizingitini, na mjusi akasimama hewani, usawa wa bega la mtu. Ndipo sauti ya Amancio ikasikika na watu wote.

"Niliweke wapi?"

Marehemu aliyehamisha jiwe la mpaka hulibeba na kuuliza hivyo, na jibu lake ni moja, nalo hufundishwa watoto pamoja na Baba Yetu: *Pale ulipolitoa.* Lakini lazima litamkwe na mwenye shamba, na anayelitamka hawezi tena kulirudisha mdomoni.

"Sema," alinong'ona Obdulia. "Maneno mawili tu."

"Maneno mawili, na jiko langu je? Farruco hakuacha hata mrithi. Nimrudishie nani, mjusi?"

"Niliweke wapi?"

"Jamani, semeni kitu," alilalamika mwanamke mmoja nyuma yao. "Mama yangu anaona baridi." Wengine walichunguza viatu vyao.

Mara ya tatu sauti ilitoka chini, kama ya mtu aliyepiga magoti. Elixio alikuwa amevua kofia na kuikunja mikononi. Obdulia akampa fimbo yake, akainamisha bega la kushoto.

"Liweke hapa, baba."

Jiwe lilikuwa na uzito wa ndama aliyeachishwa kunyonya. Amancio aliingia kanisani akiwa mwepesi. Maji ya baraka yakatikisika katika bakuli, na safari aliyodaiwa ikawa imelipwa. Foleni ikasogea. Mjusi alibaki begani kwa Obdulia, akageuza kichwa kuelekea nyumbani.

Tangu siku hiyo fundi wa nguo humkatia Obdulia magauni yenye bega la kushoto lililoshuka. Jumapili hula chakula cha mchana kwa mdogo wake, ambaye humchagulia kiti kilicho imara kuliko vyote na kukiweka karibu na jiko la kuni, mahali jiwe liliposimama zamani. Supu ikiisha kupakuliwa, mjusi hushuka, hupima hatua sita za sakafu mpaka ukutani, kisha hurudi.

Elixio huinua miguu ili apite.