Mkono Kwenye Kufuli

Siku zile kila kijana wa Hedaru alitaka picha za ngumi. Ukimwekea picha ambayo dakika tano zinapita bila mtu kurushwa dirishani, anaanza kupiga miluzi. Nilikuwa na banda la video pale kando ya barabara kuu, la kwanza kabisa, na nasema bila kuona haya: wateja wangu hawakujua kuangalia picha.

Kanda niliyoipenda kuliko zote aliniletea Salimu, utingo wa malori, mwaka tisini na mbili, imefichwa ndani ya boksi la sabuni. Ilikuwa picha ya Kizungu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mama mjane anaishi kwenye nyumba kubwa, na ghorofani kuna chumba kilichofungwa kwa kufuli. Kwa saa nzima na ushee hakuna la maana linalotokea. Anachemsha chai. Anafuma. Anasikia ubao ukilia juu, anatulia, ubao unalia tena. Hakuna damu, hakuna pepo mwenye meno. Lakini ukikaa nayo kwa subira, mpaka yule mama anapanda ngazi na kuweka mkono kwenye kufuli, utajikuta umebana pumzi. Vijana waliiita picha ya kusinzia. Basi nikawa naiweka Ijumaa mchana, banda likiwa tupu, najionyesha mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Melkizedeki, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato kule Suji. Nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge alitegemea nirudi mlimani tulime tangawizi. Mimi nikafungua banda. Akanitumia neno kwa dada yangu Raheli kwamba hana mtoto anayekula kwa kuwaonyesha watu mashetani. Miaka miwili hatukusemezana. Akishuka kuuza tangawizi Hedaru, nikimwona tu nakata kona. Ukaidi wangu niliurithi kwake, na wake ulikuwa umekomaa zaidi.

Ijumaa moja akafungua mlango wa banda, akasimama na kofia mkononi. Alikuwa amekuja kunitoa mle ndani, aliniambia mwenyewe baadaye. Lakini kwenye televisheni yule mjane alikuwa anamimina chai kimya kimya, na baba hakuwa mtu wa kuingilia kimya cha mwenzake. Akakaa kwenye benchi la nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Ubao ukalia.

"Huyu mama anaishi peke yake?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Sasa juu anatembea nani?"

"Subiri. Picha hii haitaki haraka."

Nikaketi karibu naye, nikawa namfasiria Kiingereza. Saa kumi kamili akanyanyuka. Jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, naye alitakiwa awe kwake kabla: lori mpaka Makanya, kisha mlima kwa miguu. Kwenye kioo mkono wa mjane ulikuwa juu ya kufuli. Baba akautazama ule mkono, akanitazama na mimi.

"Mle ndani mna nini?"

"Rudi Ijumaa, utaona."

Akarudi. Safari hii na ndizi mbivu na fungu la tangawizi, kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Nikairudisha kanda mwanzo kabisa. Nilimwambia picha ya kutisha haianzwi katikati, hofu lazima ipandwe na iote. Akakubali, maana alikuwa mkulima. Ukweli ni mwingine: nilijua akishaona mwisho hatakuwa na sababu ya kuja tena. Ningeweza kuanza pale alipoachia, akamaliza kwa dakika kumi. Sikutaka. Nilikuwa nimempata baba yangu, na nilimshikilia kwa kufuli lile.

Ijumaa ya tatu aliondoka saa tisa unusu. Ya tano, saa tisa, hata ngazi mjane hajazikaribia. Nikamtania.

"Baba, mzee wa kanisa mzima unamkimbia bibi kizee?"

Alicheka mpaka akakohoa, mkono ubavuni. "Mlima umekuwa mrefu, Eliufoo."

"Mlima ni uleule, baba. Woga ndio umezidi."

Nilijivuna. Nilimsimulia hata Salimu jinsi picha yangu ilivyomshinda Mzee Melkizedeki.

Ijumaa ya saba hakukaa. Aliegemea mwimo wa mlango, jasho likimtiririka, na ilikuwa Julai, baridi mpaka huku chini.

"Leo niambie tu," akasema. "Mle ndani mna nini?"

"Nikikwambia nitakuharibia utamu. Njoo wiki ijayo, nitaianza mapema."

Akafikiri kidogo. "Haya. Mwenye siri ni wewe." Akavaa kofia, akaenda.

Ijumaa iliyofuata nilianza mapema, saa sita, benchi la nyuma nimelifuta vumbi. Mjane akachemsha chai yake, akafuma, akapanda ngazi, na hakuna aliyefungua mlango wa banda. Jumanne akaja Raheli. Nilipomwona amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba, nilijua kabla hajasema.

Baba alikuwa anaumwa tangu mvua za masika. Ule mlima alikuwa anaupanda kwa kukaa kila kona, na ndiyo maana kila wiki aliwahi kuondoka, ili Sabato isimkute njiani. Ijumaa ya mwisho ilimkuta. Vijana wawili walimbeba kutoka darajani, chini ya mlima, mpaka nyumbani, hakuinuka tena.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimfokea dada yangu.

"Alinikataza. Alisema ukijua utamzuia asije."

Mimi niliyejisifu kwamba najua kuangalia! Kila kivuli cha picha ile nilikuwa nakijua kwa moyo, lakini baba yangu aliisha mbele ya macho yangu wiki saba nikamwita mwoga. Uchungu ule sijapata pa kuutua mpaka leo.

Tulipotoka makaburini, Mzee Wilbard, aliyekuwa mzee wa kanisa pamoja na baba, alinivuta pembeni, nyuma ya migomba.

"Marehemu alikuwa anatusimulia," akasema kwa sauti ya chini. "Kila Jumamosi, Sabato ikishatoka. Polepole, na ile chai, na ule ubao, mpaka kwenye kufuli. Hapo ananyamaza. Tukimbana anasema, 'Mwisho anao mwanangu, siku akiwa tayari atanipa.'" Akatazama huku na huku kama mwizi. "Hivi mle chumbani mlikuwa na nini?"

"Hamna kitu, mzee. Chumba ni kitupu, ubao ulikuwa unalia kwa upepo tu. Mtu wa kuogopwa alikuwa amesimama pale pale jikoni, kwenye kona, tangu chai ya kwanza. Kila anayeangalia anamwona, anadhani ni koti limetundikwa."

Mzee Wilbard akachezea fimbo yake.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," akasema. "Ungemwambia tu, mwanangu. Angefurahi."