Baridi Alipokuja Kupanga Ukuta wa Nne

Mwenzenu, usiku wa jana niliota Baridi amekuja kupanga chumba cha mama yangu.

Amesimama mlangoni, kijana mrefu, koti safi, godoro limekunjwa chini ya kwapa. Anapiga hodi kistaarabu kabisa.

"Shikamoo, dada. Nimesikia hapa kuna nafasi."

"Nafasi gani?"

"Ile," anasema, ananyooshea kidole ukuta wa nne.

Na kweli ukuta wa nne hatuna. Tangu tumhamishie mama huku Makete, chumba chake kina kuta tatu za mbao, upande wa nne turubai, na kifua chake kinabana kila usiku mpaka nalia peke yangu jikoni. Mdogo wangu Aidani ndiye aliyepiga hesabu ya mbao, zikaisha kabla ya ukuta wa mwisho. Lori la kiwanda cha mbao linapakia asubuhi, likiondoka bila oda yetu ni hadi wiki ijayo. Na mimi nimelala sijui niagize ngapi.

"Hapa hapapangishwi," namwambia.

"Basi piga hesabu." Anatandika godoro. "Ikitimia, naondoka. Ukipungua hata ufito mmoja, nahamia jumla. Na kodi silipi."

Jamani, watu wana macho makavu!

Nachomoa tepu. Tepu inakohoa, inatangaza kama katibu wa usharika: "Ukuta, futi kumi na mbili. Mbao, upana inchi kumi. Karibuni."

Mbao zinaingia zenyewe kwa miguu, zinasimama wima bega kwa bega, bado mbichi, zinahema.

"Zibane, dada, ziingie nyingi!" anapiga kelele Aidani. Yuko juu ya paa, amevaa sare ya shule ya msingi na ndevu zake zote.

"Tusibanwe!" mbao zinajibu. "Tuachie pa kupumulia. Tukikauka tutasinyaa, tukilowa tutavimba."

Nasogeza kila moja nusu inchi. Zinavuta pumzi pamoja, ukuta mzima unapanda na kushuka. Zimeenea kumi na nne.

Mara tuko kanisani. Sijui tumefikaje, wala hakuna anayeuliza. Mbao zangu ndiyo kwaya, na Baridi anapita akiingiza vidole kwenye kila nafasi kati ya mwimbaji na mwimbaji.

"Fito!" naita.

Fito nyembamba zinakuja mbio, zimechelewa mazoezi, kila mmoja unaziba nafasi yake. Kumi na tatu. Baridi anatabasamu.

"Na kwenye kona?"

Loo! Naongeza mbili za kona. Tabasamu lake linafutika.

Hapo dirisha linasimama katikati ya wimbo. "Nitoeni. Mimi ni uwazi, na uwazi hutolewa kwenye hesabu."

"Toa mbao tatu!" anadakia Aidani.

"Subiri," nasema. "Wewe dirisha, juu yako atafunika nani? Na chini yako?"

Dirisha linafikiri. "Huko sijawahi kutazama."

"Basi kaa chini. Mbao hazitoki."

Linakaa. Najiona mtu mzito, nimeshamaliza kazi. Mara ufito mmoja hauonekani. Halafu wa pili. Halafu ubao mzima.

Sasa tuko uani kwetu. Majirani wamechuchumaa, viganja mbele, na katikati yao Moto anatafuna ufito wangu taratibu, kama mtu na muwa wake.

"Shikamoo," namwamkia, maana ni mkubwa.

"Marahaba," anajibu, mdomo umejaa. "Mliwahesabu wote. Mimi nani alinihesabu?"

Kumbe! Mbao za Aidani hazikuibwa na mtu, wala fundi aliyezikata hakukosea. Huku kwetu ukianza kukata mbao tu, watu wote wanakuja kuota moto. Tunachoma vipande, vikiisha tunaanza kuziangalia fito kwa jicho la mapenzi. Ni sisi wenyewe!

Baridi ameshavua viatu.

"Moto," nasema, "kila kumi, moja yako. Ikibaki kipande, unapewa nzima."

"Kama zaka?"

"Kama zaka."

Moto anainamisha kichwa kwa heshima.

"Mbao kumi na sita!" napaza sauti. "Fito kumi na saba!"

Pa! pa! pa! Misumari inaingia yenyewe. Majirani wanapiga vigelegele, Aidani anaruka kutoka juu ya paa na kunibeba mabegani. Baridi anapapasa ukuta kutoka kona hadi kona, hapati hata pa kuingiza ukucha.

"Umeniweza, dada," anasema, na kukunja godoro lake.

Nilicheka kwa sauti mpaka nikajiamsha.

Kabla sijanawa uso nilipiga simu kiwandani. Kumi na sita, kumi na saba, pakieni. Kisha nikampelekea mama chai, nikasimama mlangoni kwa woga kama kawaida yangu, nisikie kifua kikoje leo.

Amekaa kitandani, kilemba pembeni, anapumua vizuri.

"Mwanangu, huyo kijana aliyeondoka usiku na godoro, mbona mlimwacha hata chai hajanywa? Alikuwa anatetemeka, maskini."

"Ukamwambia nini, mama?"

"Nimwambie nini? Nilimpa blanketi langu. Mimi lilikuwa linanitoa jasho tu."

Nikatazama kitandani. Kulikuwa na shuka peke yake.