Kopo la Wajawazito

Auleria alikuwa akila ukoko. Alimwagia maji kidogo sufuriani, akangoja ulainike, akaukwangua kwa kijiko mpaka sufuria ikalia. Ugali wenyewe, wa ule unga wa njano ambao watu wa Keko waliuita yanga, alikwisha mpelekea mumewe Gaspar karakanani, maana mwanamume anayeranda mbao kutwa hawezi kushinda na njaa. Mwanamke, inaonekana, anaweza. Ndivyo alivyolelewa kwao Masasi, na mwaka ule wa themanini na tatu, maduka yakiwa matupu, hakuona wa kumlalamikia.

Mwezi wa tatu sasa hakuwa ameona siku zake. Gaspar, aliyemngoja mtoto miaka minne, alianza kupiga mluzi akioga. Wapangaji wenzake, ambao kamba ya kuanikia nguo haiwafichi kitu, walikwisha piga hesabu zao. Na Bi Mwanakombo, mjumbe wa nyumba kumi, hakusubiri kuambiwa. Alimwandika kwenye orodha ya wajawazito wa kupewa maziwa ya unga, kopo moja kila wiki mbili. Auleria mwenyewe aliamini. Nani asingeamini?

Nesi wa zahanati alimpapasa tumbo mara mbili.

"Humu hamna kitu, dada."

"Na siku zangu?"

"Unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Nesi akamshusha kope la chini, akaangalia weupe wake.

"Mwili ukikosa chakula, mambo ya uzazi ndiyo unayoacha kwanza. Sie tunawaona wengi siku hizi. Kula mayai, maini, maharage, maziwa. Siku zikirudi, na mtoto utapata."

Alivitaja vitu hivyo kama vile vinauzwa mahali.

Auleria alirudi nyumbani akiwa amepanga kusema ukweli. Akakuta kopo la kwanza limeshaletwa, liko mezani. Alilitazama kwa muda mrefu. Aliona haya, na alikuwa na njaa, na njaa ilizidi. Akakoroga kikombe, akanywa amesimama.

Alikunywa miezi miwili. Gaspar naye akaanza kumkatia nusu ya ugali wake, siku nyingine akimletea maharage aliyoyaomba kwa wenzake. "Kula, usininyime mwanangu," alikuwa akimwambia, na Auleria alikula huku moyo ukimuuma. Alijifunga khanga legelege, akawa anajiambia kwamba mimba ya kweli itaingia kabla uongo haujatoka.

Asubuhi moja damu ilirudi. Auleria alichutama bafuni akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Ilikuwa habari njema ya kwanza kutoka mwilini mwake mwaka mzima. Lakini bafu lilikuwa la wote. Mwanaasha wa chumba cha pili aliona matone sakafuni, na kabla ya saa nne nyumba kumi zote zilijua kwamba mimba ya mke wa Gaspar imetoka.

Siku hiyohiyo ilikuwa ya mgao, akapanga foleni nje ya duka la ushirika kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Mjumbe."

"Marahaba. Pole, mwanangu." Bi Mwanakombo alikwisha shika kalamu.

"Usinikate, mama. Nesi kasema bila chakula sishiki mimba. Haya maziwa ndiyo yameniponya. Mkiniondolea nitarudi kulekule."

"Haya ni ya wajawazito. Wewe sasa huna mimba."

"Sikuwa nayo tangu mwanzo."

Kalamu ikasimama. Bi Mwanakombo akaitazama foleni, akamvuta karibu. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalitisha.

"Hayo sijayasikia. Kama hukuwa na mimba, umekula maziwa ya Serikali kwa uongo, na mie ndiye niliyekuandika. Watu wanakamatwa kwa kilo tatu za sukari, wanaitwa wahujumu uchumi. Unataka tukalale ndani wote wawili?"

"Sasa nifanyeje?"

"Saini hapa, kwamba mimba imeharibika. Ukishika nyingine uje mapema."

"Nitaishikaje, mama?"

Bi Mwanakombo akamsogezea daftari. Auleria akasaini. Kopo lake akapewa aliyefuata, mwanamke mwenye tumbo la kuonekana, naye akalipokea ameinamisha macho.

"Pole, mama," alimwambia. Wa nyuma yake naye akasema pole. Mwingine akasema Mungu atampa mtoto mwingine. Auleria alikuwa akipita kando ya foleni akimwitikia kila mmoja, "Asante, nimeshapoa," kwa sababu hakuna jibu lingine alilofundishwa.

Mwishoni mwa foleni alisimama Gaspar. Alikuwa ametoka karakanani mbio, vumbi la mbao limemjaa uso mpaka kope, na juu ya vumbi hilo machozi yalikuwa yamepiga mistari miwili.

"Wamenambia sasa hivi," alisema. "Alikuwa wa kiume?"

Auleria akageuka. Foleni nzima ilikuwa ikiwasikiliza, na kule mlangoni Bi Mwanakombo alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Wa kiume," Auleria akasema.