Darasa la Vifaranga

Sogeeni, njooni hapa karibu, na kila mwenye mdomo aufumbe, nawe jogoo usithubutu, na wewe upepo yaache makuti ya ua yatulie, maana mtoto anasema... anasema! Kisu kimemgandia Bi Mwatum mkononi, muhogo nusu umemenywa nusu una ganda lake, na moyo unamruka kama dagaa ndani ya tenga, kwani nyuma ya ua huu Nadhira anasema, mjukuu wake wa miaka saba, aliyenyamaza tangu siku aliyozikwa babu yake, miezi miwili na ushei, kazi yake kuitikia kwa kichwa na kuficha mikono ndani ya kanga, hata kula mpaka alishwe, na leo hii sauti, imekwaruza kidogo kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, lakini sauti, yarabi, yenyewe! "Kaeni mstari mmoja," anawaambia vifaranga, "wewe mweusi, barakoa yako iko wapi?" na Bi Mwatum anauma upindo wa kanga asije akacheka, kifaranga avae barakoa, atadonolea wapi, lo, na kesho ndiyo skuli zinafunguliwa baada ya haya maradhi, na Rahila, mamaake mtoto, asubuhi tu kasema, "Mama, tumpeleke vipi? Mwalimu akimwita jina atanyamaza, wenziwe watamwita bubu, hatorudi tena," na kweli, kombe la aya kanyweshwa, kafukizwa shetani amtoke, daktari wa kituoni kasema mtoto ana huzuni mpeni muda, muda gani, muda ulikuwa huu, uko hapa na vifaranga! Nimwite Rahila? Hapana, nikinyanyuka kigoda kitalia, atanyamaza... tulia, mwanamke, tulia... "Haya, sasa mimi babu," anasema mtoto, na sauti inashuka, inakuwa nzito, ina kikohozi cha tumbaku mwishoni, "Mke wangu mdogo kaja! Lete mkono, mke wangu, huyu kikongwe akae upande," ee Mungu, mume wangu Mmanga huyo, Mmanga mzima, ndivyo alivyokuwa akisema kila siku mtoto akitoka skuli, naye Bi Mwatum hujibu kutoka jikoni, "Mchukue, mke mwenzangu, na hayo makanzu yake umfulie!" na watatu wote hucheka, nyumba hii ilikuwa na kicheko, jamani, na machozi yanamtoka Bi Mwatum na huku anatabasamu... "Siwezi, babu," sasa mtoto ni yeye mwenyewe, "mwalimu kasema tusipeane mikono, kuna maradhi," halafu sauti nyingine, kali, ya puani, "Mwalimu ndiye aliyekuzaa? Mtoto haingii ndani bila kumbusu babuye mkono, watu watasema mie sikulea!" na Bi Mwatum anageuka kutazama nani huyo... hakuna mtu. Ni yeye. Ni sauti yake, neno kwa neno, siku ile skuli zilipofungwa, mtoto kasimama mlangoni anafuta kiganja kwenye sketi, anamtazama bibi, anamtazama babu, kisha akaenda, akaubusu, na kila siku baada ya hapo akaubusu, na wiki mbili baadaye kifua cha mzee kikaanza kupiga mluzi, na matangani mtu akasema, nani vile, aa, watu tu, "Watoto ndio wanaoyabeba," na mtoto kakaa pale pale na sinia la kahawa... "Msimwambie bibi," Nadhira sasa ananong'ona, "akijua kama ni yeye aliyenituma atalia, na babu hayupo wa kumnyamazisha."

Kumbe si shetani, kumbe si ububu, kumbe kimya chote kile kilikuwa stara, mtoto wa miaka saba kanisitiri mie, mtu mzima mwenye mvi, na mie namfukiza! Na hata hajui, hakuna aliyemwambia, kama babu yake wiki ile ile skuli zilipofungwa alikuwa katoka Pujini kumzika rafikiye Ishak, kapeana mikono na wanaume msikiti mzima, nani atajua ulikuwa mkono gani, Mungu tu, lakini neno lile lilikuwa langu, nalijua, na nitamwambia, leo hii, kabla ya skuli, nitamwambia nilikosea mie, mke mwenzangu, wewe ulisema kweli... muhogo bado uko nusu, kisu bado kiko mkononi, na nyuma ya ua mtoto anasema, "Haya, itikieni kwa pamoja!" na vifaranga wanaitikia.

Na baadaye, katika vya Mzee Mmanga, mikarafuu ilikwenda kwa wanawe, bakora akaichukua mwanawe Hamdan, redio akabaki nayo Rahila, Nadhira akarithi ile sauti nzito yenye kikohozi, akawachekesha nayo wenziwe siku ya kwanza darasani, na Bi Mwatum akarithi mkono mdogo wa kulia wa mjukuu wake, ambao kila akitoka skuli, bibi ndiye anayeubusu.