Barua Ndani ya Koti la Karani

Siku ya Jumatano, nilipokuwa nalikung'uta koti la baba ili nilipige pasi, nilikuta ndani ya mfuko wake barua niliyoiandika mwenyewe.

Nilikaa chini palepale. Pasi ya mkaa ilikuwa imeshashika moto, na sikumbuki niliiweka wapi. Najua tu kwamba mkeka wetu una alama nyeusi mpaka leo.

Ilikuwa barua ya watu wa Temeke kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa Boma, juu ya mabasi. Karatasi tatu. Ya kwanza ina maneno. Mbili zilizofuata hazina hata neno moja, zimejaa alama za madole gumba tu, nyeusi, zimebanana kama punje za kunde kwenye ungo. Gregori, kuli wa bandarini Kurasini, aliitia posta mwenyewe siku ya Ijumaa. Na baba yangu, Mzee Revelian, alikuwa karani wa Boma. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua barua na kuziingiza katika rejista kabla Bwana Shauri hajaziona. Hii hakuiingiza. Aliikunja mara nne akaja nayo nyumbani.

Sababu niliiona mara moja, maana ndani ya mfuko uleule kulikuwa na kikaratasi alichomwandikia fundi cherehani habari za suruali yake. Niliviweka viwili hivyo sambamba juu ya goti. K zilikuwa zilezile, zenye mkia uliopinda kama ndoana. R zilikuwa zilezile. Hata mstari wa chini ulipanda kidogo kuelekea kulia, vilevile. Mtu yeyote wa Boma angesema mwandishi ni mmoja.

Mie nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa masista. Lakini kuandika sikufundishwa na masista. Nilifundishwa na baba, Bukoba, kabla hajahamishiwa huku, mkono wake juu ya mkono wangu, kwenye kibao cha mawe. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuandika kitu kimoja pamoja. Sikuwahi kuona jinsi mikono yetu ilivyofanana.

Na mie ndiye niliyejitolea. Tulipokutana nyuma ya kisima, watu thelathini hivi, wanaojua kuandika wote walirudi nyuma. Mmoja karani wa ghala, mwingine mwalimu, kila mmoja alisema mwandiko wake unajulikana ofisini. Gregori akauliza kama hakuna mtu ambaye mkono wake haujapata kuonekana na mzungu yeyote. Nikasema, "Mimi." Nilijiona mwerevu sana. Majina tulikubaliana tusiyaandike, ili asipatikane wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtu atie dole tu, kwa masizi ya sufuria na mafuta ya nazi. Karatasi zikapitishwa nyumba kwa nyumba, nami nilitia langu, ingawa najua kuandika.

Maneno yenyewe hayakuwa makali. Tulisema nauli imepanda mara mbili katika mwaka mmoja. Tulisema basi la alfajiri linapita limejaa na halisimami, na makuli wanaochelewa lango la bandari hukosa kazi ya siku nzima. Tulisema wanawake wenye mizigo huachwa, na kondakta hupiga kengele mtu akiwa mguu mmoja chini. Tuliomba nauli irudi ilivyokuwa, na basi la pili la alfajiri. Mpaka tujibiwe, tulisema, tutatembea.

Basi tukatembea. Tangu Jumamosi watu walikuwa wakitoka Temeke usiku haujakwisha vizuri, kwa miguu, wanapita Keko mpaka mjini, na mabasi yanawapita matupu, kondakta amening'inia mlangoni anawauliza kama wanakwenda kuhiji. Walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu askari walisimama kituoni na madaftari. Jumanne gari la Boma lilipita mtaani na bomba la kupazia sauti, likasema Bwana Shauri hajapata malalamiko yoyote, hana barua wala mjumbe. Basi wanaokusanyika vituoni ni watu wa fujo, na kuanzia Jumamosi watakamatwa.

Gregori alinijia jioni ile, uso umempauka. Aliniambia huenda barua imepotea posta. Akasema, "Dada Apolonia, wakisema hawajaipata, sie ni wahuni tu barabarani." Nilimjibu tusubiri.

Sasa nilikuwa nimeishika.

Nilirudisha kila kitu mfukoni nilivyokikuta, nikapiga koti pasi, nikalitundika. Baba aliporudi nilimpa maji ya kunawa. Mama alikuwa Bukoba akimuuguza bibi, tulikuwa wawili tu. Nikakumbuka kwamba Jumatatu, nilipokuwa nachagua mchele, mara mbili niliinua macho nikamkuta anaitazama mikono yangu. Alijua tangu siku ile. Angeipeleka barua, wangemfukuza kazi na kututoa katika nyumba ya serikali, kama si zaidi. Asingeipeleka, watu wangekamatwa Jumamosi kwa kosa la kutosema kitu walichokwisha kukisema. Nilitaka anikaripie, anipige hata, lakini alikula tu, akanawa, akaenda kulala mapema. Nami nilihofu kwamba nikilitaja jambo hilo, itabidi mmoja wetu aamue.

Asubuhi ya Alhamisi alivaa koti la kaki, lile jeusi lenye barua akaliacha. Alipanda basi kama siku zote. Makarani walikuwa bado wanapanda, maana karani kuonekana miongoni mwa watembeao ni kujimaliza. Alipopotea kwenye kona nilizichukua zile karatasi, nikazificha ndani ya kanga chini ya titi, nikaenda dukani kwa Mzee Matar.

Sikwenda kwa Mzee Matar mwenyewe. Nilimtaka binti yake Hayat, aliyekuwa nyuma ya pazia akipima sukari. Tulikuwa marafiki tangu tulipohamia. Nilikuwaga namsomea anuani za barua zao zilizoandikwa kizungu, naye ananiongezea kipande cha sabuni. Bibi yake alianguka kwenye ngazi ya basi mwezi wa Ramadhani, akavunjika kifundo cha mkono, kwa hiyo habari ya mabasi sikuwa na haja ya kumweleza. Nilimweleza ya koti.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama ninavyotetemeka. "Mtoto wa karani unatetemeka hivyo," alisema, "sie wa dukani tufanyeje?"

Nikamwambia nataka karatasi ya kwanza iandikwe upya, kwa mkono mwingine. Madole yatabaki yaleyale, hayana mwandiko. Lakini nilimwambia pia ukweli, kwamba atakayeandika ndiye atakayetafutwa, na duka la baba yake lina leseni ya Boma.

"Mkono wangu si wangu," alisema Hayat. "Ni wa chuo kizima."

Alimaanisha hivi. Katika chuo cha Kurani cha Mwalimu Mwinjuma, pale nyuma ya msikiti, kila mtoto hupewa ubao, Mwalimu huandika juu yake kwa kalamu ya mwanzi, na mtoto hupitisha wino juu ya herufi zake mpaka mkono usiweze tena kuandika vingine. Watoto sitini wakati mmoja, mwaka hata mwaka. Wamekuwa watu wazima mitaa yote, kutoka Buguruni mpaka Mtoni, na wote huandika kama Mwalimu. Na wazee wengi bado waliandika Kiswahili kwa herufi hizo za Kiarabu hata walipoiandikia Boma.

Basi nikamsomea, naye akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya mfuniko wa pipa la unga. Kila mteja aliposogea kaunta tulinyamaza. Mara moja aliingia askari, nikasikia viatu vyake, nikasikia akiomba sigara moja, na Mzee Matar akimwuliza habari za nyumbani kwake taratibu mno. Hayat hakuinua kalamu. Mie nilikuwa nimeuziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilipoitazama karatasi ilipokwisha sikuielewa hata herufi moja, na kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi.

Hayat alisema lazima Mwalimu ajue, asije akayasikia kwa askari. Akaenda yeye, mie nikabaki nimejikunja kati ya magunia. Aliporudi alisema Mwalimu ameisoma yote, halafu akalalamika kwamba ameanza barua bila Bismillahi. Akamwamuru aiongeze juu.

Karatasi yangu niliichoma nyumbani, katika jiko, nikayavuruga majivu kwa kijiti. Ile mpya, pamoja na zile mbili za madole, nikazirudisha katika mfuko wa koti jeusi. Sikuwa na njia nyingine ya kuifikisha Boma kabla ya Jumamosi ila baba. Wala sikutaka kumwamulia.

Ijumaa alivaa koti jeusi. Nilikuwa nafagia uani nikamwona kwa upenyo wa mlango: alitia mkono mfukoni, kama mtu anayehakikisha kitu, akausimamisha. Akazitoa. Alisimama na ile karatasi ya kwanza mkononi kwa muda ambao nadhani ungeweza kuchemshia uji. Akaigeuza juu chini, maana herufi zile hakuzijua. Halafu akazikunja tena, akavaa kofia.

"Kokushubila," aliniita. Hilo ni jina langu la nyumbani, kanisani ni Apolonia. Alilitumia mara chache.

"Abee, baba."

"Hii inasemaje?"

"Inasema yaleyale."

Akaondoka. Sikujua kama anakwenda kuiingiza katika rejista au kuitupa mtoni. Kila gari lililopita barabara kubwa lilikuwa la Boma masikioni mwangu. Saa nne asubuhi gari la Boma kweli lilikuja. Lilipita mbele ya nyumba yetu, likapita duka la Mzee Matar, likasimama nyuma ya msikiti. Mwalimu Mwinjuma alitoka na kanzu yake na miwani mkononi, akapanda kiti cha nyuma kati ya askari wawili. Ijumaa hakuna chuo, lakini watoto waliokuja kuosha mbao zao walisimama nazo mlangoni. Hayat alikuwa dirishani, nami nilikuwa njiani na ndoo, tukatazamana, na hapana aliyethubutu hata kutikisa kichwa.

Baba alirudi saa kumi na moja, na alirudi kwa miguu. Nilimwona tangu mbali, viatu vyeupe kwa vumbi, anatembea pamoja na makuli, akiwa nyuma yao kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikampa maji, nikaweka chakula, na safari hii alisema. Alisema barua imepokewa, imeingizwa katika rejista, na ameiingiza yeye. Bwana Shauri aligonga meza. Akataka kujua ni nani aliyeiandika, akaagiza aletwe mtu wa kuisoma, wakamleta Mwalimu. Mwalimu aliisoma kwa sauti, mbele ya makarani wote, polepole kama anayefundisha. Kisha Bwana akamwuliza ni mwandiko wa nani. Baba alikuwa amesimama pale na rejista. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema wanafunzi wake wote huandika hivyo, tangu kabla ya vita vya Mjerumani, na kama Bwana anataka atamletea walioko sasa, wako sitini, mdogo wao ana miaka saba.

Makarani walitazama chini ili wasicheke. Bwana hakucheka. Alimwacha Mwalimu aende, kwa miguu, na akasema maadamu malalamiko yameletwa, kesho hakamatwi mtu, ila shauri litapelekwa kwa Mkuu wa Jimbo, pamoja na karatasi zote, na polisi watayaangalia yale madole.

"Wayaangalie," nilisema. "Hayana majina. Yote ni masizi."

 Baba alikuwa anamega ugali, na hapo ndipo nilipouona mkono wake. Dole gumba lake la kulia lilikuwa la zambarau, mpaka ndani ya ukucha. Rangi ile haikuwa ya masizi. Ilikuwa ya wino wa kugongea mihuri, na wino ule katika mji mzima sikuwahi kuuona penginepo ila kwenye karatasi za Boma.

Aliona ninapotazama. Hakulificha.

"Nimejaribu limau," alisema. "Halitoi."

"Baba, kwa nini?"

Alitafuna kwanza. "Palikuwa na nafasi chini, pembeni mwa kidole kimoja kidogo. Nilidhani ni chako."

Nilitaka kumwuliza kama ameona rangi kabla au baada ya kulibandika, kama karatasi imeshatoka ofisini, kama tunaweza bado kuipata. Nikaona usoni mwake kwamba ameyauliza yote hayo njia nzima, kutoka Boma mpaka Temeke, na imeshatoka. Madole mia mbili meusi, na moja la zambarau.

"Kesho unipe viatu vya zamani," alisema. "Hivi vinaniumiza kisigino."

Gari likasikika barabarani. Tulisimamisha mikono yote miwili ndani ya sahani, wake na wangu. Likaja mpaka usawa wa nyumba yetu, likapunguza mwendo kwenye shimo lililoko pale, kama yanavyopunguza magari yote, na hatukupumua mpaka lilipolivuka.