Mkono wa Sikuzani

Mkono wa Sikuzani naujua kuliko ninavyoujua uso wake. Kidole cha kati kinatangulia, cha shahada kinafuata, gumba linakuja mwisho kabisa kama mtu aliyechelewa msibani. Hashiki kwa nguvu. Anagusa kwanza, anasubiri, halafu anazungusha taratibu, na ile mashine inaacha kupiga honi, inaanza kulia. Miaka imepita, sasa niko Mtwara mjini, napiga kwenye bendi ya ukumbini, kinanda cha kisasa chenye sauti mia za kubonyeza tu. Lakini nikifumba macho nauona ule mkono, na roho inaniuma vilevile.

Mimi ndiye niliyekuwa mpigaji. Hilo lieleweke mapema. Shule niliachia darasa la sita kule Ruponda. Mwalimu alinichapa kwa kugonga dawati, nikamwambia hii siyo kelele, ni ngoma, akanichapa tena. Sikurudi. Nikaenda kwa mjomba Nachingwea mjini, nikakutana na kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, na kabla sijaota ndevu hakukuwa na kwaya wilaya nzima isiyomjua Fidelis. Maringo nilikuwa nayo, sikatai. Mji wetu mtu anajulikana kwa mikorosho yake au kwa ufuta wake. Mimi sikuwa na hata mche mmoja. Nilijulikana kwa vidole.

Halafu likaja lile kontena.

Ilikuwa baada ya mvua za El Nino, barabara imeanza kupitika tena. Parokia ikaletewa misaada kutoka Ujerumani: baiskeli, makoti ya baridi ambayo sijui nani alifikiri tutayavaa wapi, na sanduku la mbao kubwa kama kabati la vyombo. Ndani mna bodi nyeusi imejaa vifundo vya kuzungusha kama vya redio, matundu madogo mistari kwa mistari, na furushi la nyaya zenye ncha za chuma. Wazee wa parokia wakalizunguka, mikono nyuma. Wakakata shauri: huu ni mtambo wa simu. Wajerumani wametuonea huruma. Basi akatumwa mtu posta kumwita opereta.

Ndivyo Sikuzani alivyoingia kwenye maisha yangu, kwa kuitwa kuja kupima simu. Msichana wa Mtua, mtoto wa Kiislamu, kutwa nzima yuko kwenye kile chumba cha simu anachomeka nyaya: huku Lindi, huku Masasi, subiri, ongea sasa. Alifika na ushungi wake, kalamu kachomeka sikioni. Akaangalia. Akauchomeka mtambo kwenye umeme na kwenye spika ya kanisa, akachukua waya mmoja akachomeka hapa, mwingine pale, akagusa kifundo. Spika ikatoa mngurumo, wazee wawili wakajikuta wako nje.

Sikuzani akainamisha sikio, akasikiliza vizuri.

"Hii si simu," akasema. "Huku hakuna mtu."

Sista Albina, mwalimu wetu wa kwaya, alicheka mpaka akajifuta machozi. Huyu mama wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akakulia kwetu, na shirika lake likampeleka Ujerumani kusoma muziki. Alichimbua chini ya sanduku akatoa meno ya kinanda yamefungwa kwenye blanketi.

"Hiki ni kinanda, wanangu. Cha umeme, cha zamani. Hakina sauti yake. Sauti unaitengeneza mwenyewe."

Nilikaa wa kwanza, nani mwingine? Nikabonyeza huku nikizungusha kifundo, ikalia kama fisi aliyebanwa mkia. Wale wadada wa kwaya wa sauti ya pili walicheka mpaka wakakaa chini. Nikatoa mkono kwenye vifundo na nikaapa palepale: mimi mpigaji, si fundi redio. Mkono wa kushoto nikauweka pajani. Sista akamwambia Sikuzani azungushe yeye, mimi nibonyeze.

Kosa langu lilikuwa kukubali.

Ile mashine inatoa sauti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza meno mawili, inachagua moja. Lakini Sista alikuwa na kiu yake. Huko Ujerumani aliwahi kukaa kwenye ukumbi akasikia okestra, watu karibu mia wanapiga wimbo mmoja, na alikuwa anatusimulia habari hiyo kama watu wanavyosimulia Makka au Roma. Alitaka watu wa huku waisikie kabla hajafa. Basi akaandika kila chombo peke yake kwa do re mi. Tunarekodi besi kwenye redio kaseti. Tunaicheza ile kaseti, juu yake napiga tarumbeta, redio ya pili inanasa vyote. Halafu filimbi. Halafu vayolini za nyuma. Kila safu ikiongezeka, mchakacho wa kaseti nao unaongezeka, mpaka mwisho ilikuwa kama okestra inapiga nje kwenye mvua. Mchana kukiwa na joto mashine inapanda sauti yenyewe, haipatani tena na kaseti, tunafuta, tunaanza upya. Vayolini ya mbele, ile inayobeba wimbo, Sista alisema isirekodiwe. Hiyo itapigwa mbele ya watu, hai, juu ya kaseti.

Kila nota niliipiga mimi. Kila moja. Lakini tukitoka pale, mtu aliyekuwa anapita dirishani anasema, "Leo Sikuzani kaifanya ilie hiyo!" Bashiri, fundi baiskeli wa getini, ndiye aliyenimaliza kabisa.

"We Fidelis," ananiambia, pampu mkononi, "hivi wewe pale kazi yako nini?"

"Napiga."

"Hapana, bwana. Wewe unabonyeza. Anayepiga ni yule mtoto wa kike."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Kuanzia siku hiyo nikawa simwangalii Sista wala karatasi. Namwangalia Sikuzani mkono. Namvizia akosee, kama mwenye duka anavyomvizia mteja mwenye mfuko mkubwa. Kwenye kipande cha chini anafunga, sauti inakuwa kama imezibwa na mto. Wimbo unapoanza kupanda anagusa kifundo cha juu, anasubiri, anafungua kidogo kidogo, na huku kidole kidogo kinasukuma kile cha pembeni ili sauti itetemeke. Sikumkuta na kosa. Nilikuwa nalala nao ule mkono, naamka nao.

Sista alipotangaza kwamba anahamishiwa Songea, mambo yakawa wazi. Tungepiga mara moja tu, Ruangwa, kwenye sherehe ya mavuno, kisha anaondoka.

"Mashine na hiki chumba cha mazoezi nitamwachia mmoja," akasema. "Si wawili. Wawili mtagombana mpaka muivunje. Nitamwachia anayejua kuifanya iseme."

Siku hiyo nilimngoja Sikuzani nje.

"Mashine ni ya parokia," nikamwambia. "Wewe Mwislamu. Utaachiwaje?"

Akajifunga ushungi vizuri, hana haraka. "Kwani imekuuliza dini wewe?"

"Mimi ndiye mpigaji."

"Sawa, kaka Fidelis. Basi piga."

Alisema bila ubaya. Angesema kwa ubaya ningelala vizuri.

Tulikwenda Ruangwa mwezi wa saba, ufuta umeshauzwa, watu wana nguo mpya na roho nyeupe. Mashine tuliifunga kwenye magodoro nyuma ya pikapu. Uwanja ulijaa: wakulima wa Likunja, wazee wenye kofia zao, akina mama na watoto mgongoni, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu bure ni bure. Jenereta ikawashwa nyuma ya nyumba ili isitusumbue. Sista akawaambia watu wakae kimya kama wako kwenye ibada, muziki huu husikilizwa kwa kutulia. Akabonyeza kaseti, akafumba macho. Ndivyo alivyokuwa akisikiliza siku zote, amefumba macho, kichwa kimeinama.

Watu walitulia kweli. Besi zikaingia, tarumbeta zikajibu, kwa mbali mchakacho wa mvua ambayo haikuwepo. Mimi nikaingia na vayolini, Sikuzani mkono uko kwenye kifundo. Mzee mmoja akavua kofia. Nikasema moyoni, leo watajua.

Kitu ambacho Sista hakukiweka kwenye hesabu ni kwamba ule ukumbi wa Ujerumani watu wanakaa. Huku kwetu muziki ukikushika unanyanyuka, unakwenda kumtuza aliyekushika.

Alianza Bi Biasha, mama mmoja mnene, mnunuzi wa ufuta anayejulikana mpaka Lindi. Akanyanyuka. Akaja anacheza polepole, anafuata vayolini kwa mabega kana kwamba aliisikia tangu utotoni, na huku anafungua khanga yake ya juu. Alipita mbele yangu. Nilihisi upepo wa ile khanga. Akamvisha Sikuzani.

Basi ikawa njia imefunguliwa. Mwingine akaja, na mwingine. Khanga juu ya khanga, jogoo mzima akawekwa miguuni pake, amefungwa kamba. Bi Biasha akamshika kwa mikono miwili akamvuta katikati ya uwanja wacheze naye, na tuzo ya mama kama yule huikatai, kuikataa ni tusi. Sikuzani akageuza shingo kuniangalia. Mikono yake ilikuwa imefungwa ndani ya zile khanga kama mtoto mchanga.

Na kaseti haimsubiri mtu.

Bado kidogo wimbo upande. Vifundo vyote vilikuwa kwenye sauti ya chini, ile ya kuzibwa na mto. Nikiendelea hivyo, okestra nzima itapanda na vayolini yangu itabaki chini inaguna. Nikiacha, nimeacha mbele ya Ruangwa nzima. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa pajani siku zote hizo kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Nikainama upande wa bodi. Kidole cha kati kikatangulia. Cha shahada. Gumba mwisho. Nikagusa, nikasubiri, nikafungua.

Sijawahi kusikia kitu kama kile na sitasikia tena. Ilitoka kama mtu aliyefungiwa ndani kafunguliwa mlango, ikapanda, ikatetemeka pale juu kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kulia na wa kushoto, nota zangu, vifundo vyangu, hakuna mwingine. Vigelegele vikapasua uwanja. Mzee wa kofia alikuwa analia waziwazi. Na watu wote, wote, walikuwa wamemgeukia yeye.

"Sikuzaniii! Umetuua, mwanangu!"

Amesimama katikati ya wanawake, kafungwa mikono, hagusi chochote. Hakuna aliyeliona hilo.

Tulipomaliza, Sista Albina alikuja nyuma ya spika, macho yamemvimba, funguo za chumba mkononi. Akamshika Sikuzani begani.

"Pale juu, mwanangu. Pale juu."

"Sikuwa mimi, Sista," Sikuzani akasema. "Mimi nilishikwa na akina mama. Aliyezungusha ni Fidelis."

Alisema hivyohivyo, mbele yangu, hajaombwa. Hata ukweli alinitangulia kuusema.

Sista akatabasamu. "Usijishushe. Mkono wako naujua." Halafu akanitazama mimi, akaona kitu. "Fidelis? Ni kweli?"

Lilikuwa jibu la neno moja. Ndiyo, na mashine inabaki kwangu. Mpinzani mwenyewe kanitolea ushahidi. Ningerudi Nachingwea nikamwambie Bashiri aulize tena kazi yangu nini.

"Niliiga," nikasema. "Mkono wangu, lakini kila kitu ni chake."

Kuna watu wakisikia habari hii wananiambia siku ile nilikuwa muungwana. Hapana. Uungwana haukuwepo. Nilikuwa na wivu mpaka kwenye mifupa. Nilijiona niko ndani ya kile chumba, nimefunga mlango, mashine ni yangu, na kila nikiifungua anatoka yeye. Bora asikae kwangu kabisa.

Sista akampa Sikuzani funguo.

Baadaye niliondoka Nachingwea. Minara ya simu za mkononi ilipofika, kile chumba cha posta kilifungwa, na nasikia Sikuzani alihamia moja kwa moja kwenye mashine. Ana watoto wawili sasa, na mume fundi seremala aliyemtengenezea meza ya kuiwekea. Anayebonyeza meno ni nani, sijauliza.

Jioni ile ya Ruangwa tulirudi nyuma ya pikapu, mimi na yeye na mashine katikati, jogoo miguuni. Vumbi jekundu. Alikuwa anakunja khanga zake moja moja. Akanirushia moja mapajani.

"Mpelekee mama."

Sikusema asante. Tukaenda, tukaenda, tukavuka korongo, gari likaturusha, tukashika mashine pamoja.

"Pale juu," akasema, "ulichelewa kidogo kufungua."

"Sikuchelewa."

"Ulichelewa."

Nikageukia mashamba. Nikaanza kuurudia wimbo kichwani kuanzia mbali, mkono wa kulia unapiga gotini, wa kushoto unazungusha hewa, nikafika pale, nikarudia tena, na tena. Alikuwa sahihi. Nikamchukia njia nzima mpaka Nachingwea.