Chapa Chini ya Rangi

"Usikwangue," Hirsi alisema alipokileta kiti. "Paka juu kwa juu, kisha unipigie kitambaa cha maua. Ijumaa ndiyo harusi, shemeji."

Dekow, fundi wa viti, aliitikia tu. Lakini jua la Garissa halina simile. Ukipaka rangi mpya juu ya kuukuu, mwezi hauandami mara ya pili kabla haijabanduka kama ganda la kitunguu. Tena atakayekikalia kiti ni Rukiyo, dada yake wa tumbo moja. Amfanyie kazi ya kulipua? Hirsi alipokwisha kuondoka, akang'oa sponji iliyooza, akashika msasa.

Rangi ile ya kijani ilipakwa na mtu asiye fundi. Ilikuwa nene kote, na nene zaidi chini ya mkono wa kulia wa kiti, mahali ambapo hata mgeni mwenye macho ya mwewe hapaoni. Nani hupoteza rangi mahali kama hapo? Dekow akakwangua hadi mti ukatoka, umeungua. Alama ya fimbo iliyopinda kichwa, na kando yake nukta moja.

Akaweka msasa chini.

Fimbo ilikuwa chapa ya ngamia wa kina Abdimalik, mume wa kwanza wa Rukiyo. Ukoo mzima uliitumia. Nukta aliiongeza Abdimalik peke yake, kitinda mimba, ili ngamia wake wasichanganyike na wa kaka zake.

Abdimalik alipotelea njiani mwaka wa tisini na mbili, akitoka Takaba na bidhaa. Lori lilikutwa porini, tupu. Yeye hakukutwa. Kabla ya safari alimtuma mtu aliyetangulia: mwambieni Rukiyo namletea kiti cha mninga, nimekipiga chapa yangu kwa moto asije mtu akakitamani. Nyumba nzima ilicheka siku ile. Ngamia wa miguu minne asiyekunywa maji, walisema. Kiti hakikufika, kicheko kikaisha.

Mwaka huu kadhi alikata shauri kuwa mume ni marehemu. Hirsi, aliyerudi mjini na mali isiyojulikana ilikotoka, akawa wa kwanza kuleta posa. Salamu zile za kiti hakuzisikia kamwe. Mtu hutupa mifupa, mali hatupi.

Dekow alimwita dada yake kwa kisingizio cha kuchagua kitambaa, maana mjini kila ukuta una sikio. Rukiyo aliingia akitania.

"Abowe, kaka yangu, usinipigie maua makubwa. Nitaonekana mbuzi shambani."

Dekow aliushika mkono wa dada yake, akaupeleka chini ya mkono wa kiti. Vidole vya Rukiyo vikafuata fimbo polepole, vikapinda nayo. Vilipofika kwenye nukta vikasimama.

"Amekileta nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hirsi."

"Amesemaje?"

"Nisikwangue."

Rukiyo hakulia. Alibaki ameinama. Dekow akanong'ona, "Tutoke sasa hivi. Twende kwa kaka zake Abdimalik. Mengine watayajua wao."

Kabla hajamaliza, kivuli kikaanguka mlangoni.

"Nabad," Hirsi alisalimu.

"Nabad," Dekow akajibu.

Rukiyo alivuta kitambaa cha maua, akakitupia juu ya kiti hadi kikafunika mkono wote, akaketi juu yake.

"Bibi harusi kwa fundi?" Hirsi alicheka. "Huna subira."

"Nilikuwa nakijaribu. Si umeniletea mimi?"

"Nimekuletea wewe."

"Basi nakalia changu."

Hirsi hakumtazama tena. Macho yake yalikuwa sakafuni, kwenye unga wa kijani uliozagaa hadi kwenye ndara za Dekow. Akachutama, akauchukua kidogo, akausugua katikati ya vidole kama mtu anayepima chumvi.

"Nilikwambia upake juu kwa juu, shemeji."

"Rangi ingebanduka," Dekow alisema.

"Kweli. Wewe ni fundi."

Hirsi alisimama, akajifuta mkono kwenye kikoi. Kisha akaurudisha mlango wa bati, taratibu, mpaka mwanga ukabaki mstari mmoja chini.

"Jua kali," alisema, akaegemea pale pale mlangoni.

Rukiyo hakuondoka kitini. Chini ya kitambaa, vidole vyake vilikuwa bado juu ya nukta.